Betri Nyuma ya Friji la Chanjo

Asubuhi za kipupwe Bibi Chanjo hakumsalimia mtu kabla hajaipigia honi pikipiki yake. Alitoka chumbani kwake pale kituoni, koti la sufi limefungwa mpaka kidevuni na kanga mbili juu yake, akauburuta mguu wa kulia hadi barazani, akageuza ufunguo na kubonyeza honi mara moja. Kisha akasikiliza. Honi ikilia vizuri alitugeukia sisi tuliokuwa tukimsubiri na kusema, "Haya, sasa salamu." Ikilia kwa kukwaruza alisema, "Ana mafua," na hapo sote tulijua kwamba siku itakuwa ndefu.

Nazungumzia miaka ya wakimbizi, Warundi walipokuwa wakivuka mpaka na watoto mgongoni na magodoro kichwani, na kambi zikaota kwenye vilima vyetu vya upande wa Kasulu. Yeye alikuwa muuguzi kutoka Ujiji, aliyeletwa kuchanja watoto. Mimi ni Muha wa vilima hivyohivyo, na niliajiriwa kituoni kubeba sanduku la chanjo na kumtafsiria, maana Kirundi na Kiha ni ndugu wa karibu na yeye hakujua hata kimoja. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kibao cha kifuani tu. Wakimbizi walimwita Muganga, sisi tulimwita Bibi Chanjo, na aliyapenda majina yote mawili kwa sababu alipenda kuitwa.

Alikuwa na majivuno, nalisema hilo mapema ili msije mkadhani namsifia mtakatifu. Alijivunia sindano yake, kwamba mtoto hulia baada ya kuchomwa wala si wakati wa kuchomwa. Alijivunia kanga zake. Zaidi ya yote alijivunia Ujiji na ziwa lake. Kila Ijumaa gari la ofisi lilipoteremka kwenda mjini naye aliteremka, na aliporudi alikuja na dagaa wa Kibirizi waliokaushwa mchangani, na dumu la maji ya ziwa ya kunywa wiki nzima.

"Bibi, huku kuna chemchemi," nilimwambia siku za mwanzo. "Tumekunywa sisi na babu zetu."

"Ndiyo maana mmekuwa wafupi," alinijibu. "Mama Yusto, maji ya Tanganyika unaliona jiwe chini, unaona na samaki anakukonyeza. Hayo yenu yananuka majani."

Na mimi sikumwacha hivihivi. Nilimcheka kwa baridi. Mtu wa ziwani ukimpandisha milimani mwezi wa saba utamwonea huruma: meno yanagonga, pua inachuruzika, na yeye anaapa kwamba haumwi. Sisi tulikuwa tukiamkiana "Mwakeye" miguu mitupu kwenye umande, yeye akitokea amevaa soksi mbili ndani ya buti. Nilimwambia ipo siku atalikumbatia friji akidhani ni jiko. Sikujua kwamba nilikuwa karibu na ukweli.

Mguu wake hakupenda uzungumzwe, lakini hakuuficha. Ulikuwa mwembamba kuanzia pajani, mfupi kuliko mwenzake, na hauna nguvu. Ugonjwa wa kupooza ulimpata utotoni, kabla matone ya chanjo hayajafika mtaani kwao. Mama akigoma kumfungua mtoto mdomo, Bibi Chanjo hakubishana. Alipandisha gauni kidogo, akausogeza ule mguu mbele, akaniambia, "Mwambie mimi sikupata matone." Nilitafsiri. Mara nyingi mama alikuwa ameshaelewa kabla sijafungua mdomo.

Sasa, pikipiki. Aliweza kuiendesha vizuri kuliko wanaume wengi, maana breki ya mguu fundi mmoja wa mtaa wa Mwanga, kule mjini, alikuwa ameisogeza ikamfaa. Lakini kiki ya kuwashia ilikuwa kulia, na mguu wa kulia haukuweza kuisukuma. Kwa hiyo aliwasha kwa stata, kwa kidole gumba, na stata hula betri. Betri ikiwa nzima, Bibi Chanjo alikuwa mtu wa kwenda popote. Betri ikiwa dhaifu, alikuwa mwanamke mlemavu amekaa juu ya chuma kilichosimama. Hayo ni maneno yake, wala si yangu.

Kiki hakukubali kupigiwa. Vijana walijaa pale, kila mmoja angefurahi kuonyesha misuli. "Nikipigiwa kiki leo, kesho nitabebwa," alisema, na akamfukuza aliyekaribia. Wala hakuruhusu mtu mwingine aguse kile kitufe cha kuwashia. Mimi niliyepanda nyuma yake miaka yote ile, nikilikumbatia sanduku la chanjo, sikuwahi kukigusa. Nilimwomba siku moja nijaribu tu. Akasema, "Kidole chako kizito," na mazungumzo yakaishia hapo.

Betri aliiuguza kama anavyouguza watu. Hakuanza na dawa, alianza na maswali. Honi ndiyo ilikuwa ya kwanza. Kisha taa ya mbele: aliwasha, akatazama mwanga ukutani, akagusa stata. Taa ikififia kabisa, mgonjwa hana nguvu. Ikibaki inawaka vizuri na stata isizunguke, basi kasoro ipo kwingine, kwenye waya au swichi, na betri isisingiziwe. Akisikia ile ta-ta-ta-ta ya stata inayogonga bila kuzungusha injini, aliacha hapohapo. Vijana wetu walikuwa na tabia ya kuendelea kubonyeza kwa hasira mpaka hata ta-ta ikaisha. Yeye aliondoa mkono na kuhesabu pumzi zake mwenyewe. "Mwache ahemee," alisema. "Mtu amechoka unamkimbiza wa nini?"

Alifungua kiti akakagua vichwa vya betri. Ule unga mweupe unaoota pale kwenye waya aliuita tongotongo, na aliuosha kwa maji ya moto yenye magadi, akakausha, akapaka mafuta ya mgando aleale aliyowapaka watoto wenye midomo iliyopasuka. Aliikaza waya ya bodi. Alichungulia maji kwa pembeni kama yako kati ya mistari miwili. Alinifundisha kwamba safari zetu ndizo zilizokuwa zikiichosha: kutoka mkusanyiko mmoja wa akina mama hadi mwingine, washa, zima, washa, zima, taa inawaka kwa ajili ya ukungu, betri inatoa kuliko inavyopokea. Baridi ikija juu ya uchovu huo, inamkuta ameshalala.

Hapo ndipo naona maajabu ya mtu huyu. Aliyajua yote hayo, na bado ni yeye mwenyewe aliyeiharibu.

Kwenye kituo chetu kulikuwa na mlinzi, mkimbizi, mzee aliyeendesha malori Burundi tangu ujana wake. Tulimwita Mzee Shoferi. Alikuwa na mwili mkubwa, sauti ndogo, na maoni juu ya kila chombo chenye magurudumu. Yeye na Bibi Chanjo walipendana kwa kugombana. Kipupwe cha mwaka ule betri ilianza kufa kila asubuhi, hata ikichajiwa mchana kutwa kwenye jenereta la ofisi ya redio ya mawasiliano. Ikilala na chaji inaamka tupu. Mzee Shoferi akaja, akainama, akatikisa kichwa.

"Nta muriro," alisema.

"Anasemaje?" Bibi Chanjo akaniuliza.

"Anasema haina moto."

"Hilo hata mimi nalijua. Mwambie aniambie moto wake umekwenda wapi."

Kwetu, na kwao pia, neno la moto wa jikoni na moto wa umeme ni lilelile moja. Mzee Shoferi alikuwa ameamini maisha yake yote kwamba ni kitu kilekile kimoja. "Muganga," alisema kwa Kiswahili chake, "hii bateri imekula imbeho, baridi. Utaiweka karibu na moto, moto utaingia moto. Mimi huko iwacu, kwetu, nilikuwa nafanya."

"Na ilikuwaje?"

Mzee akakuna shingo. "Moja iliyeyuka pembeni kidogo."

Bibi Chanjo alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia kwamba huko kwao inaelekea hata kuku walitagishwa kwa stata. Mzee hakukasirika. Alivua kifuniko kimoja cha betri, akachungulia, akauliza maji yale yametoka wapi.

"Yametoka mahali pasafi kuliko pote duniani," alisema Bibi Chanjo. Alilitazama dumu lake.

Nilielewa kabla ya Mzee, nikashika kichwa. Alikuwa akiijazia betri maji ya ziwa! Maji ya betri ya dukani yalipokwisha, hakusubiri Ijumaa ayanunue Mwanga. Aliona ana dumu zima la maji ambayo jiwe linaonekana chini. Mtu wa Kasulu asingefanya hivyo. Angetia ya chemchemi, akaambiwa ni machafu, akakubali. Kosa lile lilihitaji mtu aliyezaliwa Ujiji, anayeamini kwamba ziwa lake haliwezi kumdhuru kiumbe yeyote.

Alibisha, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye foleni. Ziwa linanywewa na wazee na vichanga, watu wanalitawadhia, wanalipikia pilau, iweje lishindwe na kibetri cha plastiki? Mzee Shoferi aliingia ndani, akatoka na birika la chai la Bibi Chanjo, lile alilochemshia maji ya ziwa tu, akaligeuza juani. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe, mgumu, umeshika kuta zote. Akaukwangua kwa ukucha.

"Hiki kinatoka kwa maji," alisema. "Ndani ya tumbo lako kinapita. Ndani ya bateri kinakaa."

Bibi Chanjo alilichungulia birika. Birika la mama yake lilikuwa na ukoko ule, na la shangazi zake, na la kila nyumba ya Ujiji, na hakuna aliyewahi kujiuliza. "Ziwa halina kosa," alisema. "Betri ndiyo mgeni." Huo ndio uliokuwa mwisho wa kukiri kwake. Lakini tangu siku ile hakutia tena.

Shida ni kwamba asubuhi zilizopotea zilikuwa zimeshaonekana. Mratibu wa chanjo wa eneo letu alikuwa mtu mpole na wa haki, na hiyo ndiyo iliyofanya mambo yawe magumu, kwa sababu hukuweza kumchukia. Alikuja, akakaa barazani, akamwita Bibi Chanjo kwa heshima.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, baba. Sema tu, sura yako imeshasema."

"Akina mama wa upande wa mtoni wamesubiri, wakaondoka. Chanjo imerudi ndani ya sanduku. Pikipiki isiyowaka asubuhi siwezi kuitegemea. Yupo kijana anayeweza kuipiga kiki. Wewe ungepumzika mjini, kituo cha karibu na kwenu, mezani."

Bibi Chanjo aliikaza kanga yake mabegani. Kisha akauliza, "Siku ya kampeni ni lini?" Mratibu akamwambia ni Jumatatu inayokuja. "Basi njoo alfajiri ya Jumatatu," alisema. "Ikikataa kwa kidole changu, mpe huyo kijana funguo mbele ya watu wote. Ikikubali, usinitajie meza tena."

Alipoondoka, alinigeukia. Macho yalikuwa yamejaa machozi na alikasirika kwamba nayaona. "Mama Yusto, mimi nikiwekwa mezani, nani atawaonyesha mguu huu?" Nilitaka kumkumbatia, lakini hakuwa mtu wa kukumbatiwa. Nikamwuliza betri inahitaji nini.

Betri mpya haikuwepo, wala mtu wa kuileta kabla ya Jumatatu, maana gari la ofisi lilikuwa bovu na Ijumaa ile halingeteremka mjini. Ilibidi hiyohiyo iliyo mgonjwa ifikishwe Jumatatu. Ilihitaji maji safi kabisa, na kipupwe hakina mvua ya kukinga. Ilihitaji kuchajiwa polepole, na hilo redio ingetusaidia. Na ilihitaji isilale kwenye baridi. Juu ya hili la mwisho Mzee Shoferi alikaa kwa adabu kubwa, akisubiri aambiwe kwamba alikuwa na haki nusu. Hakuambiwa.

Jibu lilitoka kwenye friji. Lilikuwa friji la chanjo la mafuta ya taa, refu, lenye kelele ya chinichini, na Bibi Chanjo alilitunza kuliko kitanda chake. Siku ile ilikuwa ya kuliyeyushia barafu iliyoganda pembeni, kazi ya kawaida ya kila mara. Chanjo zikahamia kwenye sanduku, mlango ukaachwa wazi, na mimi nikashika beseni kukinga. Bibi Chanjo alikuwa amesimama nyuma ya friji akiota joto lililobaki, kama alivyozoea kufanya kwa siri akidhani simwoni, maana friji lile lilitoa ubaridi mbele na kutupa joto nyuma.

Ghafla aliniambia, "Usimwage."

"Nisimwage nini?"

"Hayo maji. Barafu hiyo haikutoka chemchemini wala ziwani. Ni mvuke ulioganda. Ni kama mvua, mwanamke wewe! Tumekaa na mvua ndani ya nyumba."

Akatoka nyuma ya friji mbio, kadiri mguu ulivyomruhusu. Barafu iliyokuwa imebaki ikakwanguliwa kwa mwiko safi, ikayeyukia kwenye chupa iliyochemshwa, na betri ikanyweshwa kwa bomba la sindano, chumba baada ya chumba, mpaka kwenye mstari. Sijui ni betri gani nyingine duniani iliyowahi kunyweshwa kwa bomba la sindano na muuguzi anayeimba kaswida.

Ikapelekwa redioni ikachajiwa taratibu. Iliporudi, haikuwekwa kwenye pikipiki. Mzee Shoferi alipigilia rafu ukutani nyuma ya friji, juu, mbali na utambi, dirisha likaachwa na upenyo, na betri ikalazwa pale ndani ya boksi lenye maranda, imefunikwa shali la mtoto. Aliyeifunika ni Bibi Chanjo. Ndiye yuleyule aliyekuwa akiwagombeza akina mama wa kambini kwamba wanawafunika watoto mno, mtoto anatoka jasho, mtoto anakosa hewa! Nilimkumbusha. Akasema betri haina homa.

Habari ikazagaa. Kila jioni alihamisha betri kutoka kwenye pikipiki akiikumbatia wima kifuani, imefungwa shali, na kila asubuhi aliirudisha hivyohivyo, na foleni ya akina mama ikimtazama. Walicheka wakajibanza. Kisha mmoja akapata ujasiri wa kumwamkia.

"Muganga, umwana yaramutse?"

Niliona aibu kutafsiri. "Wanauliza kama mtoto ameamka."

Nilidhani atafoka. Alisimama, akafunua shali kidogo, akachungulia. "Waambie ameamka salama, ila hajanawa uso." Tangu hapo ikawa salamu ya kituo kizima. Hata watoto walijifunza kuuliza.

Jumatatu ilipofika, ukungu ulikuwa mzito hata mlingoti wa bendera hatukuuona. Majani yalikuwa yameloa, pumzi zinatoka kama moshi, na mimi mwenyewe, mtoto wa milimani, nilijikunja kanga. Mratibu alikuwa ameshafika. Yule kijana wa kiki alikuwa amesimama kando, kofia ngumu mkononi, anatazama chini kwa aibu; nadhani naye hakutaka kushinda. Akina mama walikuwa wengi kuliko kawaida. Hawakuja kuchanjwa, vituo vyao vilikuwa kwingine siku ile. Walikuja kuona.

Bibi Chanjo akatoka na mtoto wake kifuani. Hakuna aliyecheka. Aliinama, akaitia betri mahali pake, akafunga waya, chanya kwanza, kisha hasi, akapaka mafuta, akarudisha kiti. Akapanda. Mimi nikapanda nyuma na sanduku. Akazima taa ya mbele isije ikamnyang'anya nguvu. Akabana klachi. Akasema bismillahi, akabonyeza.

Ka!

Mlio mmoja mkavu, kisha kimya. Hata ta-ta haikuwepo.

Nilimwona Mratibu akiinua mkono kidogo na kuushusha. Mtu yeyote mwingine angebonyeza tena, na tena, na yeye kidole chake kilikuwa palepale juu ya kitufe. Hakubonyeza. Alihema. Kutoka nyuma ya umati sauti ndogo ya Mzee Shoferi ikasema kwa uchungu, "Nta muriro."

"Moto upo," alisema Bibi Chanjo kwa sauti ya juu. "Honi!" Akaipiga honi, na honi ikalia kali na safi, ikapita kwenye ukungu mpaka mtoni. Akawasha taa, ikawaka nyeupe. Akagusa stata kidogo tu, na taa haikufifia hata chembe. "Mmeona? Mgonjwa ni mzima. Kuna mahali nimemfunga vibaya."

Aliteremka. Aliipapasa waya hasi nene, ile inayobeba moto wa stata peke yake, kwa vidole vilivyokufa ganzi, akaifuata kutoka kwenye betri hadi chini kwenye bodi, na pale akakuta nati yake inacheza. Katika kuhamisha betri kila siku alikuwa akiivuta waya ile, na taratibu ilikuwa imelegea. Akachukua ncha ya kanga yake nzuri, ile ya sikukuu, akasugua chuma mpaka kikang'aa, akakaza kwa spana kwa mikono miwili. Kanga ikaharibika hapohapo kwa grisi. Hakuitazama.

Akapanda tena. Klachi. Kidole.

Injini ikazunguka mara moja ikashika, ikanguruma, moshi ukatoka, pikipiki ikatetemeka chini yetu. Niliwahi kusikia kengele za Pasaka na nimewasikia wanangu wakilia mara ya kwanza, na bado nauweka mlio ule pamoja nao. Na yule mama mwenye ujasiri akapaza sauti, "Umwana yaramutse!" Vigelegele vikapasuka. Walipiga makofi, walirukaruka na watoto mgongoni, Mzee Shoferi akacheza na rungu lake la ulinzi, na mimi nililia juu ya sanduku la chanjo bila haya yoyote.

Mratibu akasogea. Alikuwa anacheka kama mtoto. "Nenda, Bibi," alisema. "Unachelewa."

Tulikwenda. Upande wa mtoni tulifika kabla ukungu haujaondoka, na siku ile sanduku lilirudi tupu. Pikipiki ilibaki kwake mpaka kambi ilipofungwa na watu wakarudi kwao. Betri yenyewe haikudumu, maana ukoko wa ziwa ulikuwa umeshaingia mwilini. Baada ya muda ililetwa mpya, ikalala rafu ileile, ikanywa barafu ileile, ikaitwa mtoto vilevile. Mzee Shoferi alipopanda lori la kurudi Burundi, Bibi Chanjo alimpa lile birika. Mzee alilipokea kwa mikono miwili, akachungulia ndani kama ukoko bado upo.

Nilimwona mara ya mwisho kipupwe kilichopita. Nilikuwa nimeshuka mjini kwa mambo yangu ya Mwanga, nikapitia Ujiji. Amezeeka. Mguu wa kulia sasa hautembei kabisa, na wa kushoto umechoka kufanya kazi ya wawili. Nilimkuta uani kwenye kiti cha magurudumu, koti lilelile la sufi begani, ingawa kwa sisi wa milimani lile lilikuwa joto la kuvua.

"Shikamoo, Bibi Chanjo."

"Marahaba. Umekuwa mnene, Mama Yusto. Ni hayo maji ya chemchemi."

Akaniagiza nijimiminie maji. Nilifungua friji lake nikakuta madumu ya ziwa yamepangana, na pembeni yake chupa ndogo iliyofungwa vizuri, imebandikwa plasta, imeandikwa kwa mkono wake: SI YA KUNYWA. Na karibu na chupa, mwiko mdogo wa kukwangulia.

"Hii ni ya nini?" nilimwuliza, nikijua.

"Barafu."

"Kwa nini usitie ya ziwa? Si maji safi kuliko yote duniani?"

Alinitazama kwa jicho la pembeni. "Ziwa la watu," alisema. "Betri na inywe barafu." Nikacheka mpaka nikakaa chini, naye akajifanya hanioni.

Kisha akaniamuru nimsukume hadi nje. Chini ya kibanda cha mabati palikuwa na chombo cha magurudumu matatu chenye injini ambacho mafundi wa Mwanga wamemtengenezea, kila kitu cha mikononi, hakuna cha mguu. Mtaa mzima wanakijua. Anaenda nacho sokoni, msikitini, na kwenye nyumba zenye vichanga kuuliza kama wameshapata matone. Nilimsaidia kupanda. Mimi nikafanya nilivyozoea, nikapanda nyuma, mikono kifuani kama nimekumbatia sanduku.

Hakuwasha. Aliipiga honi, akasikiliza, akaridhika. Kisha akaushika mkono wangu, akauvuta mbele mpaka kwenye kitufe.

"Bonyeza wewe."

"Mimi? Si kidole changu kizito?"

"Kimepungua. Bonyeza."

Nilibonyeza. Kiliwaka hapohapo. Alifumba macho akausikiliza mlio ule, uso wake wote ukang'aa.

"Ameamka?" aliniuliza.

"Ameamka, Bibi."

"Basi jishike vizuri. Twende Kibirizi kabla dagaa hawajaisha."